Mionzi ya angani haina miadi na simu zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie ule ujumbe wa WhatsApp uliorudi tena mitaani kwetu, unaowataka watu wazime simu usiku na kuziweka mbali na mwili kwa madai kwamba mionzi hatari kutoka angani itapita karibu na Dunia. Ujumbe huo umezunguka ulimwenguni kwa zaidi ya miaka 10, kila mara ukisema ni “leo usiku”, na kila mara ukiwataja NASA, BBC na televisheni ya Singapore kuwa mashahidi wake.

Shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 71, aliupokea Alhamisi adhuhuri. Aliyeutafsiri aliacha tarakimu za saa kama zilivyokuwa kwa Kiingereza, yaani 12:30 hadi 3:30, na shangazi akazisoma kama sisi sote tunavyohesabu saa. Magharibi ilipoadhiniwa akazima simu, akaitia ndani ya sufuria la wali, akalifunika kwa kawa na juu yake akaweka mchi. Mwanawe aliyeshuka kutoka Arusha saa 2 usiku alipiga simu weee, asimpate, akakaa stendi na magunia yake mawili ya viazi mpaka sufuria lilipofunuliwa saa 3:30. Kesho yake tulicheka sana, na shangazi alicheka kutushinda sote. Hata hivyo, aliponiuliza kwa dhati kama kawa ingetosha kuizuia mionzi ile, niliona anastahili jibu kamili.

Mionzi yenyewe ipo kweli. Mwaka 1912 mwanafizikia wa Austria, Victor Hess, alipanda angani kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000 akakuta kwamba mionzi huongezeka kadiri mtu anavyopaa, na kwa ugunduzi huo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Sehemu kubwa ya mionzi hiyo ni protoni, yaani chembe ndogo za kiini cha atomu, zinazokwenda kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, nazo zikigonga hewa ya juu huzaa chembe nyingine ziitwazo muoni, ambazo hutufikia huku usawa wa bahari usiku na mchana, takriban 1 kwa kila sentimita mraba katika kila dakika. Kiganja kilichokunjuliwa hupitiwa na chembe kama 100 kwa dakika, kwa hiyo katika saa 3 ambazo shangazi alikaa gizani bila simu, kiganja chake kimoja kilipitiwa na chembe zipatazo 18,000, sawa kabisa na jioni nyingine yoyote ya maisha yake. Kawa haizuii muoni, wala bati halizizuii, na hakuna haja ya kuzizuia, kwa kuwa angahewa na usumaku wa Dunia vimekwisha kutukinga na sehemu kubwa ya mionzi hiyo kabla haijatufikia.

Simu nayo hupokea na kutuma mawimbi ya redio, wala haina uwezo wa kuvuta protoni kutoka angani, iwe imewashwa au imezimwa. Isitoshe, Singapore wako mbele yetu kwa saa 5, na kwao ikiwa saa 6:30 usiku, hapa Tanga ni saa 1:30 usiku na watu wanakula. Ili ujumbe huo uwe wa kweli kila unakosomwa, ingebidi mionzi iizunguke Dunia ikifuata saa za ukutani nchi baada ya nchi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtangazaji mmoja wa redio aliusoma ujumbe huo hewani bila kuuliza mtu. Namwomba, kupitia gazeti lako, asome sahihisho katika kipindi kilekile cha asubuhi, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo shangazi na majirani zake hukaa barazani wakichagua mchele, redio ikiwa imefunguliwa.

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Tanga