Risala ya klabu ya mazingira kwa mgeni wa heshima: lile ua la nyuma ya jikoni

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, chifu wetu, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo nyote. Karibu sana shuleni kwetu hapa nje kidogo ya Kisumu, tunajua kutoka tauni mpaka huku na hii barabara wakati wa mvua si mchezo, kwa hivyo asante kwa kufika.

Sisi ni klabu ya mazingira. Miti tumepanda kama klabu zingine zote, hiyo hatutakuchosha nayo. Leo tuko na ua moja tu, gloriosa, ama flemu lili vile wengi wanaliita, lile linaparamia fensi nyuma ya jikoni mvua ikishika. Hakuna mtu alilipanda.

Ukiliangalia karibu utashangaa, petali zake sita zinarudi nyuma zikisimama juu, kingo zimejikunjakunja, zinaanza kijanikijani na manjano halafu zinageuka chungwa mpaka nyekundu, kwa hivyo kwa mmea mmoja unaona rangi zote siku moja. Ncha ya jani inajipinda kama ndoano, inashika waya, mmea unapanda. Na kile kijiti kinachopokea chavua kinapinda ghafla kwenda kando, mbali na chavua ya ua lenyewe, ndio kipepeo ama ndege chozi akija na chavua ya kwingine akiguse.

Zimbabwe wamelifanya ua la taifa lao. Lakini hata kabla wapate uhuru 1980 lilikuwa na jina, manake 1947 watoto wa Rhodesia Kusini, ndiyo Zimbabwe ya leo, walimpatia binti mfalme Elizabeth wa Uingereza bruchi, ile pini ya kifuani, ya almasi yenye umbo la ua hili akifikisha miaka 21. Sasa sikia hii mheshimiwa, Februari 1952 huyo Elizabeth alikuwa hapa kwetu Kenya, kule Treetops Nyeri, wakati babake alifariki, na aliposhuka ndege London akiwa tayari malkia, bruchi hiyo ndiyo alikuwa amevaa. Hiyo ya Treetops kila mtu anaijua, ya ua lililokuwa kifuani hatukuwahi kuambiwa.

Huko India, Tamil Nadu, ni ua la jimbo na Watamil wanalihusisha na mungu wao Murugan. Wapo pia wanaoamini kiazi chake kinatibu kuumwa na nyoka. Sisi hiyo ya nyoka hatuitaki kabisa, mtu akiumwa apelekwe hospitali.

Kwa sababu mheshimiwa, ua hili ni sumu, kuanzia kiazi mpaka mbegu. Kiazi kina matawi mawili hivi, na mwenye njaa anaweza kudhani ni kiazi kikuu ama kitamu, Sri Lanka watu wamekufa hivyo. Sumu yenyewe ni kolchisini, inazuia seli kugawanyika, mtu anatapika na kuhara sana, na hata akipona nywele zinaweza kumnyonyoka baadaye. Lakini kolchisini hiyohiyo, kwa kipimo kidogo cha daktari, ni dawa ya jongo, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma, na wataalamu wa mbegu wanaitumia kupata yale matikiti hayana mbegu.

Shida yetu sisi ni slasha. Kila mwenye adhabu anatumwa kufyeka fensi, hata wanachama wetu wawili walichelewa asubuhi wakafyeka maua yao wenyewe, tukacheka tukakasirika. Kiazi kinachipuka tena mvua ikirudi, sawa, lakini likifyekwa kabla mbegu zikomae hatupati mimea mipya. Na wengine wakisikia sumu wanataka ling'olewe lote, nao tunawaelewa, watoto wa nasari wanapita hapo hapo.

Kwa hivyo tunaomba roli moja ya waya wa kuzungushia hiyo sehemu, na kibao chenye picha ya kiazi na maandishi ya Kiswahili na Dholuo. Chifu naye tunamuomba akitangaze hicho kiazi kwa baraza, hasa kwa wenye mbuzi na ng'ombe, manake mifugo pia inakufa.

Baada ya chakula tungependa utembee nasi mpaka hapo kwa fensi, yamefunguka matatu jana. Kuna matope, viatu vitachafuka, maji ya kuosha tumeweka.

Ni sisi, wanachama wa klabu ya mazingira.