Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wazazi na Walezi wa Skauti Wetu, Dodoma

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wenzangu, mbukwenyi!

Hesabu atazisoma mweka hazina, na mahudhurio yamebandikwa ukutani. Mimi nina jambo moja lililoninyima usingizi mwaka huu: fomu ya ruhusa ya mzazi.

Mwezi Juni tulipeleka watoto kambini Hombolo. Juni ya kwetu mnaijua: mchana jua na vumbi, usiku baridi inayopenya blanketi. Usiku wa pili mtoto mmoja alibanwa kifua. Kiongozi wa zamu akakimbilia fomu yake, akakuta sehemu ya magonjwa imepigwa mstari. Mtoto mwenyewe ndiye aliyesema, pumzi ikimkatika, kwamba ana pumu na dawa yake ya kuvuta imebaki nyumbani. Alipelekwa zahanati, akapata nafuu, namshukuru Mungu. Mama yake alifika alfajiri analia. Hakuandika kwa sababu aliogopa mwanawe atakataliwa.

Simlaumu mama yule. Kosa ni letu kamati. Fomu tulizigawa getini watu wakiwa na haraka ya kuwahi daladala, wala hatukumweleza mtu kwamba mtoto mwenye pumu, kifafa, selimundu au kisukari anapokelewa kama wenzake. Tunachohitaji ni kujua. Andikeni dawa, saa za kuinywa, chakula kinachomdhuru, na namba za simu za watu wawili, maana simu ya baba huzimika usiku uleule inapohitajika. Mtoto anayekojoa kitandani naye aandikwe. Kiongozi atamwamsha usiku kimyakimya na hakuna mwenzake atakayejua. Najua wapo watoto waliokosa kambi kwa aibu hiyo, na inaniuma.

Kuanzia sasa fomu itajazwa mzazi akiwa amekaa na kiongozi, wakizungumza. Katika mazungumzo hayo na ninyi mna haki ya kuuliza. Nani atalala na watoto kambini? Kanuni yetu ni watu wazima wawili au zaidi kila wakati. Hakuna kiongozi anayekaa faragha na mtoto mmoja, na mahema ya wasichana na wavulana ni mbalimbali. Mkiona au mkisikia kinyume chake, msingoje kikao. Njooni kwangu, nendeni polisi au ustawi wa jamii, au pigeni 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, kwa hiyo hata yule kijana aliyekwisha kukupita urefu bado yuko chini ya ulinzi huo.

Familia mpya huniuliza sana kuhusu sare. Baadhi wamemzuia mtoto muhula mzima wakichanga fedha za kaptula na shati. Tafadhali, mleteni na nguo za nyumbani. Skafu atavishwa siku ya kula ahadi, na ahadi hailiwi siku ya kwanza. Mtoto hujifunza kwanza, akaelewa anachokitamka, kisha akakubali mwenyewe. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, aliwachanganya makusudi watoto wa shule za matajiri na watoto wa vibarua, wavulana wapatao 20, katika vikundi vinne. Skauti ilianza hivyo, kwa hiyo kundi letu haliwezi kumrudisha mtoto wa Chang'ombe au Nkuhungu kwa sababu ya shati.

Kuhusu dini, ahadi inamtaja Mungu, na kila mtoto anaitimiza kwa imani yake. Kambini tunapanga nafasi ya swala na ya ibada, na nyama hununuliwa iliyochinjwa kihalali ili wote wale sahani moja.

Wengine wanadhani tunawaandaa watoto kwa jeshi, pengine kwa kuwa wanatuona kwenye gwaride tu. Gwaride ni sehemu ndogo. Muda mwingi wanafunga mafundo, wanapika, wanajifunza huduma ya kwanza, na kiongozi wa kikundi ni mtoto mwenzao. Kwa hiyo akirudi nyumbani akitaka kuwasha jiko au kupanga safari ya sokoni, mwachieni, hata ugali ukitoka na mabuja. Kaulimbiu yetu ya skauti, "Uwe Tayari", haifundishwi Jumamosi peke yake.

Kambi ijayo ni baada ya mvua, barabara zikikauka. Fomu mpya ziko kwa katibu, meza ya mlangoni, na viongozi watatu wamebaki pale kuzungumza nanyi. Waliojaza za zamani wajaze tena, na mimi nimekwisha kumjazia mjukuu wangu.