Mwanangu, Nimetoka Calgary

Inverness, Jumapili usiku

Mwanangu mpendwa,

Jana nimerudi kutoka Calgary. Usishtuke, sikupanda ndege nikakupita mlangoni. Nilikwenda Calgary ya kwanza, ile ya kisiwa cha Mull huku Uskoti: ufuo wa mchanga mweupe, nyumba za kuhesabu, kondoo, na choo kimoja cha umma. Jiji lako la Kanada lilikuwa bado ngome ya polisi lilipopewa jina hilo mwaka 1876 na ofisa mmoja, James Macleod, aliyewahi kukaribishwa huku Mull akapapenda.

Simu yako ndiyo iliyonitoa nyumbani. Ulisema wenzako kazini walikuuliza kwenu ni wapi, ukawajibu Inverness, wakacheka, wakauliza tena, "Hapana, kwenu hasa?" Halafu hasira ukanigeuzia mimi. "Hata wewe, mama, unawapendea nini Waskoti, na kampuni iliyofungua njia ya kuchukua mashamba ya mababu, kina guka, kule Kenya ilikuwa yao?" Nikasingizia chakula kinaungua. Jikoni hapakuwa na chochote, baba. Basi nakujibu kwa kalamu, maana kwa mdomo unanishinda tangu ulipojua kusema.

Nilichukua basi hadi Fort William, jingine hadi Oban, kisha feri ya kwenda Craignure, kama dakika 50 hivi. Mvua ilikuwa ile unayoijua, isiyonyesha wala kuacha. Kule Calgary, ukipanda kilima upande wa kaskazini wa ghuba, unakuta kijiji kinachoitwa Inivea. Nakiita kijiji kwa heshima tu. Ni kuta za mawe, nyingine zinakufika kiunoni, nyingine zimemezwa na magugu. Watu wake waliondolewa karne ya 19. Nilipima nyumba moja kwa miguu: hatua kumi na moja kwa tano. Nikasimama mlangoni, bahari yote mbele yangu. Mwenyewe aliamka na kulala akiitazama bahari ile, na hatimiliki hakuwa nayo.

Nikakumbuka Croick. Sijui kama wewe unakumbuka, ulikuwa na miaka tisa. Tulishuka treni Ardgay, yule mwenzangu wa kazini akatupeleka na gari lake, barabara nyembamba kama mkanda, kondoo wamejilaza katikati yake kama wenye shamba. Ukampigia kondoo honi, ukacheka mpaka ukakohoa. Kanisa lenyewe ni dogo, lilijengwa mwaka 1827. Mwezi Mei mwaka 1845 watu wa bonde la Glencalvie, waliofukuzwa na mwenye ardhi kwenye mashamba yao, walijibanza nje ya kanisa hilo makaburini, familia nzima nzima, wakiwa wamejitandia maturubai na mablanketi. Ndani hawakuingia. Mwandishi wa gazeti la The Times alitumwa kutoka London akawaona kwa macho yake. Na wao, kabla ya kutawanyika, walikwaruza maneno kwenye vioo vya dirisha, vile vidogo vilivyokatwa kama almasi.

Wewe ndiye uliyeyasoma. Uliinama, ukafuatisha herufi kwa kidole bila kugusa kioo, ukasoma kwa sauti: watu wa Glencalvie, kizazi kiovu. Ukanigeukia. "Mama, walifanya nini?"

Hawakufanya kitu. Walilipa kodi. Lakini waliamini kwamba balaa kubwa namna ile lazima iwe adhabu ya Mungu kwa dhambi zao. Jambo jingine lililonikaa ni kwamba walikuwa watu wa Kigaeli, lugha yao ya kuombea na kulilia ni hiyo, na bado kwenye kioo waliandika Kiingereza. Nadhani walitaka asome aliyewafukuza.

Sikukujibu siku ile, nilikupa chapati. Nilikuwa namsikia shosho, bibi yetu. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari kule Kenya, askari wa serikali ya kikoloni walimwambia abebe anachoweza kubeba ahamie kijiji kipya chenye handaki kukizunguka, na nyumba aliyotoka akaiona ikishika moto kabla hajafika mbali. Alinisimulia mara nyingi, na kila mara alimalizia kwa kusema labda tulimkosea Mungu. Kizazi kiovu! Nilisimama pale makaburini nikitetemeka, na haikuwa baridi.

Kabla ya Croick nilikuwa mtu wa kuhesabu miezi nirudi nyumbani. Nilikuwa nikiwaosha wazee wa watu pale kituo cha kutunzia wazee, nawalisha uji wao (wanautia chumvi, sijawasamehe mpaka leo), nachukua mshahara, natuma kwetu Thogoto. Baada ya Croick nikaanza kuwauliza walikotoka. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye miezi yake ya mwisho Kiingereza kilimtoka chote, kikabaki Kigaeli. Wauguzi walimwona anabwabwaja. Mimi nilimjibu kwa Gikuyu. Tuliongea hivyo kila usiku, hakuna aliyemwelewa mwenzake, na alikuwa akilala.

Sasa hilo la kampuni. Unasema kweli. William Mackinnon alizaliwa Campbeltown, na mwaka 1888 kampuni yake ikapewa hati ya kifalme ya kufanya biashara na kutawala kwetu. Fedha zake na za wenzake ndizo zilizoanzisha misheni ya Kibwezi mwaka 1891, na misheni hiyo ndiyo iliyohamia Kikuyu mwaka 1898. Wenyeji wakaita mahali pale Thogoto, yaani "Scot" lililopita kwenye midomo yetu. Mimi nimezaliwa mahali palipoitwa kwa jina lao, wewe unaishi mahali palipoitwa kwa jina la ufuo wao. Shosho alijifunza kusoma kwa watu hao na ardhi akawadai mpaka kufa. Hakuona shida kuyasema yote mawili kwa pumzi moja, na mimi nimerithi mdomo wake.

Siku iliyofuata baada ya Calgary nikaenda Ulva, kisiwa kidogo ubavuni mwa Mull. Kuvuka kwake kumenifurahisha kuliko safari yote. Ukutani pana ubao. Unausogeza, chini yake inatokea rangi nyekundu, na mwenye boti aliye ng'ambo akiona wekundu ule anakuja kukuchukua. Nikausogeza, nikasimama pale nimeshika mkoba kwa mikono miwili kama mtu aliyebisha hodi kwa wenyewe asiowajua. Punde si punde, huyo anakuja.

Babu yake David Livingstone alitoka Ulva. Mwaka 1792 aliondoka na jamaa yake kwenda Blantyre, ile ya huku Uskoti, kwenye kiwanda cha pamba, na humo humo mjukuu akaingia kazini akiwa na miaka 10. Shuleni tulikaririshwa mito na maziwa yake yote. Kwamba watu wake waliacha kisiwa wakafuata mshahara, kama mimi, hilo nimekuja kulijua uzeeni. Waliobaki Ulva, mamia, wengi waliondolewa katikati ya karne ya 19 na bwana aliyekuwa amekinunua kisiwa. Hadi mwaka 2018, wenyeji wa huku walipokinunua kwa msaada mkubwa wa mfuko wa ardhi wa Uskoti, wakazi hawakufika kumi. Mfuko wa kuwanunulia watu ardhi yao! Sisi baada ya uhuru tulikopeshwa tukanunue mashamba yaleyale tuliyonyang'anywa, na deni tukalipa.

Miguu imevimba, na kesho nina zamu ya asubuhi. Ukija likizo nitakupeleka, ubao wa Ulva utausogeza wewe. Wenzako wakikuuliza tena kwenu hasa ni wapi, waulize kwanza kama wanajua Calgary iko wapi. Picha nimekutumia kwenye simu. Ile yenye kitu cheusi pembeni ni kidole changu, upepo ulikuwa mkali.

Mama yako