Mwanangu, kombe si mechi ya kupumzishia watu

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, babako mguu umeshaanza kupungua kuvimba, nduguyo skuli anaendelea, hayo mengine tutazungumza kwa simu. Nakuandikia kwa ajili ya mechi ya kombe ya timu yetu ya Amu, ya Jumapili, manake nina hasira mpaka usingizi hauji, na wewe uko hapohapo Malindi inakochezwa.

Jana baada ya alasiri nilipita uwanja wa Twaif nikawakuta vijana wako mazoezi, nikamuuliza mmoja wa viongozi, Jumapili kikosi kikoje? Akanijibu hivihivi bila haya, ati kipa namba moja anapumzishwa, kapteni anapumzishwa, na yule winga wetu wa kushoto naye anakaa benchi, kwa sababu Jumatano kuna mechi ya ligi na "mama, ligi ndiyo muhimu, kombe si letu sisi." Nikamwambia kombe si la mtu mpaka lichezwe. Akacheka akaenda zake.

Sasa nambie wewe uliyecheza timu hii tangu under 14. Ligi tunacheza na nani? Timu zilezile kila msimu, viwanja vilevile vya mchanga, refa anafika amechelewa, watu arubaini wamekaa pembeni. Yule winga ana mguu ambao mimi sijauona hapa Amu miaka mingi, na mwaka mzima hakuna mtu wa kutoka nje anayemtizama. Kombe ndilo linalomkutanisha na timu ya ligi ya juu, na wakipita hapo kuna timu kubwa zaidi mbele. Halafu ni mechi moja tu, hakuna marudiano, mkitoka sare mnakwenda penalti. Timu ndogo itataka nini tena zaidi ya hiyo? Ligi mechi thelathini mkubwa atakushinda tu manake ana wachezaji wengi na pesa, lakini dakika tisini, siku moja, yeye anateleza na wewe umeamka vizuri, mambo yanabadilika.

Na wasiniambie haiwezekani kubeba vyote viwili. Nairobi United 2025 walikuwa Super League, daraja la pili, wakafika fainali ya Kombe la FKF, la shirikisho la soka la Kenya, wakamkuta Gor Mahia, Gor yenyewe, wakampiga 2-1 pale uwanja wa Ulinzi, na msimu huohuo wakachukua na ubingwa wa Super League wakapanda daraja. Vyote viwili! Wakaenda Kombe la Shirikisho Afrika wakamtoa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa penalti wakaingia makundi, kundi moja na Wydad ya Morocco na Azam ya Tanzania. Timu iliyotoka daraja la pili. Lau wangepumzisha watu kwa ajili ya ligi nani angelijua jina lao? Hata Gor wale wa 1987 waliochukua Kombe la Washindi la Afrika, 2-2 kule Tunis kwa Esperance na 1-1 Kasarani, wakabeba kwa magoli ya ugenini, waliingia Afrika kwa njia ya kombe la nyumbani. Na hapa Pwani timu ya Bandari walipochukua kombe 2019 uliona Mombasa ilivyokuwa. Sisemi sisi tutafika huko. Nasema raundi hii ichezwe kwa moyo.

Kinachoniuma zaidi ni pesa. Naelewa shida yao, wallahi naelewa, kuitoa timu kisiwani si mchezo. Mashua mpaka Mokowe, basi, Witu, Garsen, sasa angalau kipande hicho cha kilomita 135 kina lami lakini mtu akishuka Malindi mgongo bado unamuuma. Yule beki wetu wa kati ni mvuvi, siku akienda mechi haendi baharini na nyumbani hakuna kitu. Wawili wako kazini hoteli za Shela wanaomba ruhusa kwa shida. Lakini ndiyo hiyo nasema, safari ni ileile na nauli ni ileile, kama mnalipa mashua na basi kwa nini mpeleke nusu timu? Na nauli yenyewe tumeichanga sisi, kina mama tumepika mahamri na viazi wiki mbili tukauza, tukawapa mkononi. Hatukuchanga ili vijana wa miaka kumi na sita wakafungwe tano halafu kocha aseme wamepata uzoefu. Mtoto akifungwa tano mbele ya watu hapati uzoefu, anapata woga, na akirudi huku mtaani wenzake wanamtania mpaka anaacha mpira. Tumewaona wangapi?

Hao wenyeji wako niliwaona walipokuja kucheza kirafiki. Wazuri, sikatai, kati wanapasiana vizuri sana, lakini beki wao wa kulia anapenda kupanda na kurudi ni mzito. Nyuma yake kuna uwanja mtupu. Upande huo ndio wa winga wetu! Halafu mtu anamweka benchi.

Sasa nataka ufanye hivi. Kapteni ni mwenzio, mmekua pamoja, mpigie leo usingoje kesho. Simwambii agombane na kocha, kocha ni mkubwa wake na heshima ibaki, lakini kapteni ana haki ya kumwendea faraghani akamwambia mwalimu, wachezaji tunataka kucheza, Jumatano miguu itakuwepo. Akisema kapteni watasikia kuliko nikisema mimi, mimi wananiona ni mama wa kelele za pembeni.

Na la pili, kusanya watu. Waamu wako wengi hapo Malindi, wa sokoni, wa bandarini, wale wa chuo, waambie Jumapili saa tisa wasikose na wakae upande mmoja, wasitawanyike, sauti iwe moja hata tukifungwa la kwanza. Hasa tukifungwa la kwanza, manake hapo ndipo vijana wetu huinamisha vichwa.

Basi lao linafika Jumamosi jioni. Nimewapa kontena la samaki wa kupaka na mikate ya mofa, kapteni ndiye aliyelibeba, hakikisha wamekula wote na wamelala mapema. Jumapili ukishaona wanavyotoka kupasha misuli nitumie majina ya kumi na moja wa kwanza, kipa kwanza.

Mamako