Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Jumuiya ya Wanataaluma: Vikao vya Vitivo na Migogoro Yetu

Ndugu Mlezi, wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama, na wazee wetu wastaafu mliokubali kuja,

Akidi imetimia, na Katibu amenithibitishia kwamba makabrasha yaliwafikia wote kwa wakati. Nashukuru kuona wenzetu wa Sengerema wamewahi. Tangu Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, udhuru wa kusubiri kivuko umekufa, na naona wanaochelewa sasa ni wakazi wa Nyakato, hapahapa Mwanza mjini.

Taarifa ya fedha ataisoma Mweka Hazina. Mimi nitasema tu kwamba michango inakatwa kwenye mishahara ya wote waliojaza fomu, na mfuko wa rambirambi haukukwama. Semina ya kuandika maombi ya fedha za utafiti ilifanyika Capri Point na waliohudhuria wanaomba nyingine. Muda mwingi wa Kamati, hata hivyo, ulimezwa na migogoro ndani ya vitivo, na hiyo ndiyo nitakayoisemea kwa kirefu.

Msimamo wa Kamati ni huu: karibu kila shauri lililofika mezani kwetu lilianzia pale uamuzi ulipofanyika nje ya kikao, au ulipofanyika kikaoni na usiandikwe. Chuki binafsi zipo, sisi si malaika. Lakini chuki bila upenyo wa kiutawala huishia kwenye kununiana tu. Ikipata uamuzi usio na maandishi, inafika kwa Makamu Mkuu wa Chuo.

Chukueni suala la vipindi. Wiki ya kwanza ya muhula, wahadhiri wawili wa idara moja waliingia darasa moja, saa moja asubuhi, kufundisha kozi ileile. Mmoja alishika ratiba iliyopigwa muhuri. Mwingine alikuwa na ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa Mkuu wa Idara, umetumwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Mwenye karatasi akaanza kuandika ubaoni. Mwenye simu akabaki mlangoni, projekta kwapani, wanafunzi wakiwatazama kwa zamu. Shauri lilipotufikia, wawili hao hawasalimiani. Tuliomba muhtasari wa kikao kilichogawa vipindi. Tuliletewa orodha ya mahudhurio, majina na saini, basi. Waliohudhuria walikumbuka vizuri kwamba kulikuwa na sambusa.

Usuluhishi aliuongoza mzee wetu mmoja mstaafu. Wahusika wote ni watu wa Magu, na mambo yalipopamba moto wakahamia Kisukuma. Katibu wetu, ambaye ni Mhaya, akaweka kalamu chini. Mzee aliwaacha wakasema mpaka wakaishiwa. Halafu akauliza, kwa Kiswahili, ili iandikwe: kozi hii kwenye mtaala ni ya idara au ni ya mtu? Hakuna aliyejibu haraka. Baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi: kikao cha idara kikaitishwa upya, mgawo ukafanywa kwa kuangalia mzigo wa kila mmoja, muhtasari ukasainiwa na nakala ikapelekwa kwa Mkuu wa Kitivo. Sasa wanasalimiana. Sijasema wamekuwa marafiki.

Shauri la pili ni zito zaidi. Mhadhiri msaidizi alikusanya data kwenye mialo ya Ukerewe kuhusu bei ya sangara, makala ikachapishwa, na jina lililotangulia ni la mwandamizi wake. Wapo waliosema kijana ana haraka. Mimi siafiki. Sote tunajua kupanda cheo kunategemea machapisho, na mwandishi wa kwanza hapati sawa na wa mwisho, kwa hiyo hapa hakuna mtu anayegombea sifa za bure. Kitivo hakina maandishi yoyote yanayosema nani anatangulia na kwa mchango gani. Shauri liko kwenye Kamati ya Utafiti, nami nisilizungumzie zaidi ya hapo. Ila tunapendekeza kila kitivo kiwe na fomu ya makubaliano ya uandishi, ijazwe kabla watu hawajapanda boti kwenda kukusanya data.

Sasa kuhusu nidhamu, ambako nawaomba mnisikilize vizuri. Mwanachama mmoja aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa barua aliyoipokea jioni, kikao kiwe kesho yake asubuhi, na mwenyekiti wa kamati akiwa ndiye aliyeandika malalamiko. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 chini ya sheria ya ajira, Tangazo la Serikali Na. 42, zinasema mfanyakazi apewe muda wa kutosha kujiandaa, ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na kwamba anayeongoza kikao asiwe amehusika na mazingira ya tuhuma. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja tukivinukuu vifungu hivyo, bila maneno makali. Kikao kikaahirishwa, mwenyekiti akabadilishwa. Menejimenti ilikuwa na haki ya kumhoji mwenzetu, na ilimhoji. Tulichodai ni utaratibu.

Kanuni hizohizo zinamruhusu mtuhumiwa kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au na mfanyakazi mwenzake. Jumuiya yetu si chama cha wafanyakazi, haiwezi kusaini mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja na mwajiri. Lakini kila mmoja wetu humu ni mfanyakazi mwenzake na mwingine. Ukiitwa, usiende peke yako.

Na likishindikana ndani, chuo chetu ni binafsi, njia yetu ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ambayo ina ofisi hapa Mwanza. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufungua shauri. Kwa migogoro mingine ni siku 60. Msuluhishi naye ana siku 30, labda wahusika wakubaliane kuongeza. Nayataja haya kwa sababu kuna mwenzetu aliyekaa akisubiri jibu la rufaa ya ndani mpaka siku zikapita, na sasa kazi yake ya kwanza ni kuomba aruhusiwe kuchelewa, kabla hata hajasikilizwa kwa lililompeleka.

Wapo wanaoniambia kwamba kung'ang'ania vikao na mihtasari ni urasimu. Mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitikisika baada ya kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, kufukuzwa na kuondolewa chuoni na polisi. Makamu Mkuu wa Chuo alikuwa Mzee Pius Msekwa, mtu wa hapa kwetu Ukerewe. Ukiondoa siasa za wakati ule na Mwongozo wa TANU, chama tawala cha siku zile, uliokuwa midomoni mwa kila mtu, kiini cha malalamiko ya wanafunzi kilikuwa kwamba mambo yanaamuliwa bila wao kushirikishwa. Waliotutangulia kwenye jumuiya kama hizi waliliona hilo, wakapitisha Azimio la Dar es Salaam la 1990 kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Nakala iko kwa Katibu. Ni fupi, someni.

Mwakilishi wetu kwenye Seneti amefanya kazi nzuri, ingawa taarifa zake tumekuwa tukizipata kwenye korido. Kuanzia mwaka ujao aziwasilishe kwa maandishi kila baada ya kikao.

Kamati inaleta mbele yenu maazimio mawili, chini ya ajenda namba sita. Kwanza, tuuombe uongozi wa chuo uelekeze kwamba mgawo wa vipindi, usimamizi wa tasnifu na uteuzi wa watahini usitekelezwe bila muhtasari uliosainiwa, na kwamba ujumbe wa WhatsApp utumike kuitisha kikao tu. Pili, tuunde jopo la wasuluhishi kutoka kwa wastaafu wetu, watu wasiosubiri kupandishwa cheo na yeyote.

Muda wangu wa uongozi umefika mwisho kwa mujibu wa katiba. Fomu za kugombea ziko kwa Katibu, na ningependa kuona angalau mhadhiri msaidizi mmoja akizichukua.

Ndugu wanachama, naomba kutoa hoja.