Kuuza si aibu, Katibu

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Swahiba,

Hongera, ingawa nilipopata habari kwamba umepewa ukatibu wa timu ya mpira nilicheka kwanza. Wewe uliyekuwa ukiwaporomoshea matusi makatibu kutoka jukwaani, sasa zamu yako. Umeniuliza timu isiyo na tajiri, iliyozoea nafasi ya nane au ya tisa, itawezaje kupambana na wenye pesa. Nitakujibu kwa mfano wa klabu ya Genk ya Ubelgiji, ambayo naifuatilia tangu mshambuliaji wetu Mbwana Samatta alipotua huko Januari 2016.

Genk ni mji wa migodi ya makaa ya mawe iliyokwisha kufungwa, na klabu yenyewe ilizaliwa 1988 kwa kuunganisha timu mbili. Haina ubavu wa vigogo wa huko, Anderlecht na Club Brugge. Lakini pale wamepita Courtois, De Bruyne, Koulibaly, Ndidi, Leon Bailey, Trossard, na wote wakauzwa. Januari 2017 waliwauza Ndidi na Bailey dirisha moja la usajili! Ingekuwa kwetu, viongozi wangetokea mlango wa nyuma. Wao wakasonga hadi robo fainali ya Europa League, kombe la pili kwa ukubwa la vilabu vya Ulaya, Samatta akiwa mbele, mpaka Celta Vigo ilipowatoa. Sikufichi, kwenye ligi msimu ule walishika nafasi ya nane. Ila 2019 walitwaa ubingwa, na Samatta akafunga mabao 23.

Tazama walichofanya Ndidi alipokwenda Leicester. Dirisha lile lile wakamleta Sander Berge, kijana wa Norway ambaye wengi hawakumjua. Miaka mitatu baadaye Berge naye akauzwa Sheffield United, mwezi ule ule Samatta alipokwenda Aston Villa. Hapo ndipo penye ufundi, swahiba. Kuuza kila mtu anaweza, hata sisi tunauza. Wenzetu mrithi wanakuwa wameshamwona kabla simu ya mnunuzi haijalia, na wanamtafuta kwenye soko ambalo wakubwa hawajafika: Ndidi walimchukua Nigeria akiwa kinda, Samatta wakamfuata Lubumbashi, Kongo.

Na walipozidisha, waliumia. Baada ya ule ubingwa wa 2019, Trossard akaenda Brighton, Malinovskyi akaenda Atalanta, na Pozuelo alikuwa ameshaondoka tangu Machi. Timu ikapwaya, na kufika Novemba kocha alikuwa ameshafukuzwa. Kwa hiyo ukiuza, uza mmoja, wawili. Usiuze uti wa mgongo wote kwa mpigo, hata kamati ikikupigia makofi.

Sasa turudi nyumbani. Unakumbuka timu niliyowahi kuitunzia vifaa, sitaitaja? Tulikuwa na winga aliyekuja kwetu ana miaka kumi na sita, mguu wa kushoto, anapiga krosi huku anacheka. Mkataba wake uliisha hakuna aliyestuka, akaondoka bure. Baadaye alipouzwa nje ya nchi, tukakimbilia kabatini kutafuta ushahidi kwamba tulimlea, tudai fungu letu. Tulikuta daftari la kaunta limeliwa na panya upande mmoja, nakala ya cheti cha kuzaliwa isiyosomeka, na fomu ya msimu mmoja tu.

Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inagawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una robo asilimia, na kuanzia 16 ni nusu asilimia. Sisi tulimlea misimu mitatu, yaani asilimia moja na nusu. Mchezaji wa euro milioni moja angetuletea euro 15,000 bila kutoa jasho. Siku hizi malipo hayo yanapitia ofisi ya FIFA iliyoko Paris, tangu mwishoni mwa 2022, na wanaangalia kumbukumbu za usajili zilizomo kwenye mfumo wa kompyuta. Kama jina la kijana halikuingizwa mwaka ule, utamlilia nani?

Kwa hiyo kabla hujanunua hata mpira, kaa na yule kijana wa kompyuta muingize kila mtoto wa timu ya vijana. Mikataba iandikwe tarehe ukutani, kwa sababu ikibaki miezi sita mchezaji anaruhusiwa kuzungumza na kusaini kwingine, na wewe huna cha kuuza. Na ukimuuza kwa timu kubwa ya hapa, bei ikiwa ndogo, dai asilimia ya mauzo yajayo. Watakuambia haiwezekani. Kaa kimya, agiza chai nyingine.

Pesa ikiingia, usiende kumsajili mshambuliaji mwenye jina na goti bovu. Najua unamfikiria nani.

Halafu yule kipa wenu wa timu ya vijana, mrefu, niliyemwona akidaka penalti mbili siku ile ya mvua: mkataba wake unaisha lini? Nijibu kabla dirisha halijafunguliwa.

Msalimie shemeji na watoto.

Swahiba wako wa jukwaa la jua