Wifi, ulimwona pale mlangoni

Wifi yangu,

Nimefikishiwa uliyowaambia kina shangazi, kwamba nimekunyang'anya yule binti uliyekuwa ukimfundisha na kumjaza maneno. Simu zangu hupokei, na kaka anasema mambo ya mawifi hayaingilii. Basi nakuandikia hapa hapa, maana najua huwa unapita kusoma.

Kwanza nikupe sifa yako. Waliojitolea kuwasaidia wanafunzi pale shuleni walikuwa wengi, ila mlezi hasa ulikuwa wewe. Mtoto kasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kufika kidato cha kwanza kila somo Kiingereza. Ubaoni alikuwa ananakili tu, haelewi anachoandika. Wewe ndiye uliyemgawia daftari: ukurasa wa kushoto aandike kwa Kiswahili alichokielewa, wa kulia mkiandike upya pamoja kwa Kiingereza. Baiolojia ikapanda mpaka mwalimu wa darasa akamwita mzazi. Mama wa watu akaacha machungwa yake stendi ya Muheza, akaja mbio akidhani kaitiwa kesi. Ulivyocheka siku ile, wifi, ukamkumbatia na jasho lake! Nilikupenda kabla hujaolewa kwetu.

Ndiyo maana lile la ukumbini siku ya harusi yako halinitoki.

Usiniambie hukumwona. Alisimama mlangoni na sketi yake ya shule, kaipiga pasi vizuri, kwa sababu nguo nyingine ya kutokea hana. Kwapani ana doti ya kanga imefungwa kwa gazeti. Ada ilifutwa tangu 2016, lakini sare na madaftari ni juu ya mzazi, na nyumba ile unaijua. Doti hiyo ilitoka kwenye visheti anavyouza jioni. Watu wa kamati wakamwambia bila kadi hapiti. Mara mkawa mnaingia na kaka, muziki juu, akaita, "Dada!" Ukageuka, ukamtazama, ukarudisha uso kwenye kamera. Bibi harusi ana mengi, najua, na shela lile lilikuwa zito. Lakini kusema tu "mpitisheni huyo" kungekugharimu nini? Nikatoka mimi, nikamkalisha nje na sahani ya pilau. Hakula. Aliniuliza kama amekosea siku.

Kisha mkahamia Mwanza. Kila Jumamosi anakuja, anakaa, anaangalia geti. Ukanitumia ujumbe: mwambie nina shughuli nyingi. Mimi nikamwambia umehama. Hilo ndilo unaloniita mchonganishi? Binti wa umri ule akiagwa analia, kesho anaamka. Asiyeagwa anakaa akijiuliza amefanya nini. Ukishamzoesha mtoto wa mwenzio hivyo, siku ya kuondoka umwambie kwa mdomo wako mwenyewe, usitume mtu.

Na nafasi yako sikuiomba. Kiingereza chako sikifikii, hilo unalijua, lakini Jumamosi nipo, na Hesabu tunakwenda vizuri. Ulitaka nimfukuze ili wifi asikasirike? Kukuchukia hajafundishwa na mtu. Kila mada ikiwa ngumu anasema, "Hii Dada angenielezea." Mimi ndiye niliyekaa naye, halafu nasikia hivyo kila wiki. Unadhani hainiumi?

Haya, tuyaache. Novemba ana mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Asipofikia alama anarudia darasa, na mama yake ameshasema mwaka wa ziada hauwezi. Kuna ndugu Dar anatafuta msichana wa kazi. Hesabu niachie. Baiolojia inakuhitaji wewe.

Mpigie. Namba ya mama unayo, baada ya saa moja usiku anakuwa ametoka stendi. Na lile daftari ulilochukua kusahihisha wiki ya sendofu liko huko kwako, humo ndimo zimo noti zake zote za kidato cha kwanza. Mpe kondakta wa basi la Tanga, anitajie tu saa atakayopita Muheza, nitalifuata mwenyewe.